USALAMA NA AFYA: Kuvuta remoroki bila kuleta kilio nyumbani

Leo tusome juu ya remoroki, kwa sababu wakati wa mavuno wengi wetu tunaifunga nyuma ya kamionete na kwenda kuleta mahindi shambani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilimsaidia jirani kupakia mifuko. Tuliijaza nyuma kabisa, karibu na mlango, maana tulichoka kuisukuma mbele. Kijana wake akapanda juu ya mzigo. Kwenye mteremko remoroki ikaanza kucheza kushoto na kuume, shofere akakanyaga freni kwa nguvu, ikapinduka. Kijana alivunjika mfupa wa paja. Alipona, lakini hata leo anachechemea. Mimi ndimi niliyemfunga mguu, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyopanga mifuko ile. Kwa hiyo sikiliza vizuri.

1. Uzito ukae wapi?

Remoroki ina mkono wa mbele unaokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya motokari. Mkono huo lazima ukandamize tufe, lakini kwa kiasi. Kanuni ya mafundi kwa remoroki nzito ni hii: katika kila kilo 100 za remoroki pamoja na mzigo wake, kilo 10 mpaka 15 zikae juu ya tufe. Lakini usipite kamwe hesabu iliyoandikwa kwenye kitabu cha motokari na kwenye chuma cha kuvutia. Kama hesabu hiyo ni ndogo, punguza mzigo wote.

Mfano: remoroki tupu kilo 400, mifuko 20 ya kilo 50 ni kilo 1.000. Jumla kilo 1.400. Juu ya tufe zitafutwe kilo 140 mpaka 210. Mzigo ukikaa nyuma sana, mkono unakuwa mwepesi na remoroki inacheza kama mkia wa samaki. Ndivyo ilivyotupata sisi.

2. Mbele nako kukizidi?

Motokari ni kama mizani. Tufe liko nyuma ya magurudumu ya nyuma. Ukilikandamiza, pua ya motokari inainuka. Tuseme kutoka magurudumu ya mbele mpaka ya nyuma ni metre 3, na kutoka ya nyuma mpaka tufe ni metre 1,20. Ukiweka kilo 180 juu ya tufe, magurudumu ya mbele yanapoteza kilo 72, na ya nyuma yanaongezewa kilo 252. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza njia, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya freni. Yakiwa mepesi, volani haisikii vizuri, na usiku taa zinapiga machoni mwa wanaokuja.

3. Chuma cha kugawa uzito

Kuna chuma cha kuvutia chenye fimbo mbili za resori, kinachotumiwa sana Marekani. Fimbo zinatoka kwenye kiungo na kufungwa kwa minyororo kwenye mkono wa remoroki. Zikikazwa, zinarudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele, na sehemu nyingine inakwenda kwenye magurudumu ya remoroki.

Ukikipata, fanya hivi. Kabla ya kufunga remoroki, pima kutoka chini mpaka ukingo wa juu ya gurudumu la mbele. Funga remoroki, pima tena. Kaza fimbo mpaka pua ishuke kuelekea kipimo cha kwanza, kwa kadiri kitabu kinavyosema. Isishuke chini ya kipimo hicho.

Lakini kumbuka: chuma hiki hakipunguzi uzito hata kilo moja. Tena hakisahihishi mzigo uliopangwa vibaya.

4. Kupima bila mashine kubwa

Zuia magurudumu ya remoroki kwa mawe. Weka mizani ya kupimia watu upande mmoja, tofali upande wa pili, na ubao mgumu juu yao. Soma kwanza uzito wa ubao peke yake. Kisha shusha mkono wa remoroki kwa kriki juu ya ubao, ukiwa umelala sawa. Kutoka tofali mpaka mkono iwe hatua 1, kutoka tofali mpaka mizani hatua 3. Toa uzito wa ubao, kisha zidisha mara 3. Mizani ikisoma kilo 60 baada ya kutoa ubao, juu ya tufe kuna kilo 180.

5. Kabla ya kuondoka na njiani

- Minyororo ya usalama ipite chini ya mkono na kukatana kama msalaba.
- Angalia upepo wa mipira, taa na freni.
- Mtu yeyote asikae ndani ya remoroki wala juu ya mzigo.
- Kwenye mteremko tumia vitesi vidogo tangu juu.
- Remoroki ikianza kucheza, usikanyage freni kwa nguvu wala usipigane na volani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika volani sawa, ngoja mwendo upungue. Kisha simama, upange mzigo upya.

6. Mikono na mgongo

Usiinue mkono wa remoroki kwa mgongo, tumia kriki. Usiweke kidole kati ya tufe na kikombe chake. Fimbo za resori zina nguvu ya kuvunja mkono au uso: zilegeze kwanza kwa kuinua kiungo kwa kriki, nawe usimame pembeni.

Kidole kikikatika, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi. Kipande kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko uwekwe juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Kimbieni hospitali pamoja nacho. Aliyeanguka na kulia shingo au mgongo, msimvute wala kumketisha, isipokuwa moto au motokari nyingine inamtishia.

Jiulize: mzigo wangu uko wapi? Pua ya motokari imeinuka? Nani amepanda juu?

Mama, ukiona mtoto anapanda juu ya mifuko, mshushe. Shofere akikasirika, mwache akasirike. Afadhali wafike nyumbani kwa safari mbili.