"Nitaacha Tu": Kwa Nini Sigara Haiachiki Kirahisi?

Hebu tuanze na kijana mmoja. Yumo katika shule nyingi, pengine hata yenu. Jina lake tuliache, tumwite Mshikaji. Yuko kidato cha tatu, ana akili, mpira anaujua, na hakuwahi kupanga kuwa mvuta sigara. Siku moja alikuta wenzake wanne nyuma ya bweni wakipokezana fegi moja. Ilipomfikia alikohoa, machozi yakamtoka, kichwa kikamzunguka, nusura atapike. Wenzake wakamcheka. Aliona aibu, basi kesho yake akajaribu tena ili naye aonekane mkubwa.

Imepita miezi minane. Sasa anavuta tatu kwa siku, na Jumamosi tano au sita. Ukimwuliza atakujibu, "Aah, mimi siyo teja bwana. Nitaacha tu, siku yoyote nikitaka." Muhula uliopita alitaka kweli. Alikaa siku mbili bila kuvuta. Siku ya tatu aligombana na rafiki yake kwa ajili ya kalamu, hesabu hazikuingia kichwani, na jioni akajikuta yuko kibandani ananunua.

Je, Mshikaji ni mtu dhaifu? Wengi watasema ndiyo. Sisi tunasema ngoja kwanza. Kuna jambo linalotendeka ndani ya kichwa chake ambalo hakuna aliyemweleza. Ukilielewa jambo hilo, utaelewa pia kwa nini baba, kaka au rafiki yako ameapa kuacha mara kumi na bado anavuta.

WATU HUANZA KWA SABABU GANI?

Hakuna anayeanza kwa kuwa sigara ni tamu. Sigara ya kwanza ni chungu, na kile kizunguzungu ni mwili unakataa sumu. Watu huanza kwa sababu nyingine kabisa:

- Wenzao wanavuta, nao hawataki kuonekana washamba.
- Nyumbani wamezoea kumwona mkubwa akivuta, hata wengine ndio wanaotumwa dukani kumnunulia.
- Kwenye filamu na video shujaa anavuta, lakini hatuonyeshwi akikohoa usiku.
- Wana mawazo, wana njaa, au wanasoma usiku na wameambiwa kuwa sigara "inatuliza".
- Inapatikana kirahisi. Vibandani huuzwa moja moja, kwa hiyo hata mwenye chenji ndogo anaweza kununua.

Sheria zipo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 inayokataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2007, ilikataza kuuza sigara moja moja. Lakini wewe mwenyewe unajua yanayofanyika kibandani.

Kuanza mapema ni hatari ya pekee. Ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku ukubwani walionja sigara yao ya kwanza wakiwa hawajazidi miaka 18. Ubongo wa binadamu huendelea kukua mpaka kwenye miaka 25 hivi, na ubongo unaokua hujifunza haraka. Unajifunza aljebra, na vivyo hivyo unajifunza sigara.

NIKOTINI NI KITU GANI?

Mmea wa tumbaku hutengeneza nikotini ili kujikinga na wadudu wanaokula majani yake. Kwa maneno mengine, ni sumu ya wadudu. Wanaotoka sehemu za tumbaku kama Urambo au Namtumbo huenda wameona jambo hili: mtu anayechuma majani mabichi yaliyolowa umande au mvua anaweza kupata kizunguzungu, kichwa kikamuuma na akatapika, ingawa hakuvuta chochote. Nikotini imempitia kwenye ngozi.

Ukivuta moshi, safari ni fupi zaidi. Nikotini hufika kwenye mapafu, huingia kwenye damu, moyo huisukuma, na ndani ya sekunde 10 hadi 20 iko kwenye ubongo. Huko kuna sehemu ndogo ndogo mfano wa kufuli, zilizowekwa kwa ajili ya kemikali ya mwili wenyewe. Nikotini ni kama ufunguo wa bandia unaoingia kwenye kufuli hizo. Zikifunguka, ubongo humwaga kemikali iitwayo dopamini, ambayo humfanya mtu ajisikie vizuri. Dopamini hiyo hiyo hutoka ukila ukiwa na njaa au timu yako ikifunga bao. Kazi yake ni kuuambia ubongo: "Kumbuka hili, ulirudie."

DENI LISILOKWISHA

Sasa soma sehemu hii polepole, maana ndiyo kiini cha somo.

Ubongo haupendi kusukumwa. Ukipata nikotini kila siku, wenyewe hujirekebisha. Huongeza zile kufuli na huanza kuitegemea nikotini ili ufanye kazi kama kawaida. Lakini nikotini haikai. Kila baada ya saa mbili hivi nusu yake huwa imekwisha kwenye damu. Kufuli zinabaki wazi, zinadai. Hapo mtu anasikia wasiwasi, hasira za bure, mawazo hayatulii. Vijana wa mjini wanaiita arosto.

Anawasha sigara, na arosto inaondoka. Anapumua, "Afadhali." Naye anaamini kwamba sigara imemtuliza.

Je, imemtuliza kweli? Fikiria mtu anayekukopesha shilingi mia asubuhi, mchana anakunyang'anya mia mbili, halafu jioni anakurudishia mia moja, nawe unamshukuru. Ndivyo sigara inavyofanya. Inaondoa usumbufu ambao yenyewe ndiyo iliyouleta. Mwenzako asiyevuta anakaa ametulia hivyo hivyo, bure, tangu asubuhi. Mshikaji anatafuta kwa pesa hali aliyokuwa nayo kabla ya ile siku ya nyuma ya bweni.

Hili si wazo letu tu. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizofuatilia wavutaji. Walioacha walikutwa wana wasiwasi, huzuni na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta.

Na usidhani ni lazima uvute pakiti nzima ndipo ushikwe. Wapo vijana wanaoanza kusikia dalili za arosto hata kabla hawajafikia kuvuta kila siku.

MKONO NAO UMEZOEA

Nikotini ni nusu ya hadithi. Piga hesabu kidogo. Mtu anayevuta sigara 20 kwa siku, kila moja akivuta pafu kama 10, anapeleka mkono mdomoni mara 200 kwa siku. Kwa mwaka ni mara 73,000. Kuna kitu gani kingine unachokirudia mara nyingi hivyo?

Kila pafu huungana na jambo lililo karibu nalo: chai ya asubuhi, kutoka darasani, kumaliza kula, kusubiri basi, kukaa na washikaji fulani. Baadaye mambo hayo yenyewe huita sigara. Ndiyo maana mtu aliyeacha miezi mitatu anaweza kuonja chai tu, na hamu ikamrudia kama jana. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

WENYE VIWANDA WALIJUA

Tarehe 14 Aprili 1994 wakuu wa makampuni saba makubwa ya sigara ya Marekani waliapa mbele ya kamati ya Bunge la nchi yao, wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba hawaamini nikotini inamfanya mtu kuwa mteja. Baadaye ilidhihirika kwamba ndani ya makampuni jambo hilo lilijulikana na kuandikwa tangu miaka ya 1960. Mwaka 2006 mahakama ya Marekani iliamua kuwa makampuni yaliwadanganya wananchi kwa miaka mingi.

Sigara huua mpaka nusu ya wanaoitumia bila kuacha, na kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Biashara inayopoteza wateja wake hivyo inahitaji wateja wapya, wenye miaka mingi mbele yao. Jiulize ni nani hao.

Na usidanganyike na sura nyingine. Ugoro, kuberi na shisha vina nikotini, na sigara nyingi za umeme pia, hata kama zinanukia matunda.

UKITAKA KUACHA

Wanaojaribu bila msaada wowote hufaulu wachache, kama 4 kati ya 100 kwa kila jaribio. Wanaopata ushauri na dawa huongeza nafasi yao zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usijifanye jeuri peke yako.

1. Chagua siku. Isiwe "siku moja", iwe tarehe. Usichague wiki ya mtihani.

2. Mwambie mtu unayemwamini: rafiki asiyevuta, dada, mwalimu wa malezi. Siri ndiyo inayoilinda sigara.

3. Andika saa unazovuta na unakuwa na nani. Hizo ndizo saa za kubadilisha. Kama ni baada ya chakula cha mchana, basi chakula kikiisha nenda uwanjani, usiende nyuma ya bweni.

4. Hamu ikija, tazama saa. Kwa kawaida haizidi dakika chache. Kunywa maji, vuta pumzi ndefu, tembea, tafuna karanga au muwa. Itapita, uvute usivute.

5. Jiandae kwa siku tatu za mwanzo. Ndizo mbaya zaidi: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa. Mshikaji alirudi dukani siku ya tatu, siku ambayo deni linadaiwa kwa nguvu. Laiti angejua kwamba baada ya hapo dalili hupungua, na wiki mbili hadi nne nyingi huwa zimekwisha!

6. Nenda kituo cha afya, uliza. Kuna ubani na plasta za nikotini za kusaidia kuacha. Kama hujafika miaka 18, usizitumie bila ushauri wa daktari.

7. Ukiteleza, anza tena. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa.

Faida haichelewi. Baada ya dakika 20 mapigo ya moyo huanza kushuka. Ndani ya siku moja ile hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, huwa imepungua hadi kiwango cha kawaida. Mpira utauona tofauti. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa nusu hivi.

KAMA NI BABA AU RAFIKI YAKO

Usimsute. Mtu akiwa kwenye arosto, ukimwambia "Huna akili", atatoka nje kuvuta. Kwa mzazi, chagua wakati ametulia, umwambie kwa heshima: "Baba, nakuombea uwe nasi miaka mingi. Ukitaka kuacha, mimi nitakusaidia." Mwombe asivute ndani ya nyumba, maana moshi wake unawaumiza wadogo zako pia. Akirudia, usimcheke.

Na kwa Mshikaji wa shuleni kwenu, huenda asikubali leo. Mpe gazeti hili asome mwenyewe ile sehemu ya deni, halafu mwulize: sigara ya leo asubuhi ilikupa nini ambacho mimi sina?

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mvutaji huona kwamba sigara inamtuliza? Eleza kwa maneno yako.
2. Mtu anavuta sigara tano kwa siku. Kwa bei ya sigara moja hapo mtaani kwenu, anatumia kiasi gani kwa mwaka? Fedha hizo zingelipia nini?
3. Shuleni kwenu sigara zinapatikana wapi? Mnaweza kufanya nini kuhusu hilo?
4. Igizeni: wanafunzi wanne wanapokezana fegi, wa tano anapewa. Hataki, lakini hataki pia kuwapoteza marafiki. Atasemaje?