Mgeni Anayemlisha Mwenyeji Wake: Somo la Matumbawe



Sisi wa Ziba tuko mbali na bahari, na wengi wa watoto wetu hawajaiona. Lakini njia ya zamani ya misafara iliyofika Tabora ilianzia Bagamoyo, na karibu na Bagamoyo, pale Kaole, yapo magofu ya misikiti iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Huko Unguja, Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Huku kwetu tunajenga kwa tofali za udongo, hivyo mwanafunzi ana haki ya kuuliza: jiwe hilo linatoka wapi?

Limejengwa na mnyama. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, laini, wengi wao wa milimita chache tu, kila mmoja ana mdomo uliozungukwa na minyiri. Mnyama huyu hutoa chokaa chini yake. Akifa, chokaa hubaki na wengine hujenga juu yake, miaka kwa miaka, mpaka unapatikana mwamba.

Peke yake asingeiweza kazi hiyo, kwa sababu maji safi ya bahari ya joto yana chakula kidogo. Anaye msaidizi. Ndani ya seli zinazozunguka tumbo lake unaishi mwani wa seli moja, mdogo usioonekana kwa macho. Wengi wa wanyama hawa huupata mwani huo wakiwa wachanga: huumeza kutoka baharini, lakini hawausagi kama chakula. Kila chembe ya mwani huwekwa ndani ya seli katika kifuko chembamba, na hapo huzaana. Katika sentimita moja ya mraba ya tumbawe zinaweza kuwamo chembe milioni moja au zaidi.

Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, kama lifanyavyo jani la muhindi shambani kwetu. Sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji. Naye huupa mwani makazi, hewa ya kaboni anayoitoa, na taka za mwili wake zilizo mbolea kwake. Ndiyo maana matumbawe ya kujenga miamba hupenda maji ya kina kifupi yanayopitisha mwanga, na penye tope, kama mlangoni mwa Mto Rufiji, miamba haijengeki.

Hapa tutenganishe jambo moja. Neno marjan limetajwa mara mbili katika Surat Ar-Rahman. Baadhi ya wafasiri walisema ni lulu ndogo, wengine wakasema ni marijani nyekundu ya mapambo. Hiyo nyekundu hukua penye mwanga hafifu na haina mwani ndani yake, basi isichanganywe na matumbawe tunayoyasoma hapa.

Mapatano haya huvunjwa na joto. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la kiangazi, yakadumu hivyo kwa wiki kadhaa, mwani huanza kutoa sumu badala ya manufaa, na mnyama huutoa nje. Rangi hupotea, tumbawe hubaki jeupe. Bado li hai, ila lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yakichelewa, hufa.

Mwaka 1998, wakati wa El Niño, jambo hili liliipata pwani yetu yote. Kisiwani Mafia, sehemu kubwa ya matumbawe ya mwamba wa Tutia ilikufa. Mwamba uliokufa humomonyoka kwa mawimbi, samaki wakakosa maficho, na mvuvi akarudi na dema tupu. Mwaka 2016 joto lilirudi tena, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la namna hii duniani.

Ipo aina ya mwani inayostahimili joto zaidi, na baadhi ya matumbawe huipokea. Ila mgeni huyo humpa mwenyeji chakula kidogo, na mwamba hukua polepole zaidi.