Oili Inapovuja Penye Pampu Baada ya Kubadilisha Cheni ya Taimingi

Injini ya gari huweza kuendelea kufanya kazi bila honi na bila taa, lakini haiwezi kufanya kazi bila oili. Oili ikiisha, utando mwembamba unaotenganisha vyuma hutoweka, vyuma husuguana vikavu, beringi huungua, na mwishowe krankishafti hukwama. Yote hayo huweza kutokea katika muda wa dakika chache. Kwa hiyo tone la oili linaloanguka sakafuni baada ya matengenezo halipaswi kudharauliwa.

Makala haya yanachunguza uvujaji wa aina moja unaojulikana sana katika gereji: ule unaojitokeza mbele ya injini, penye pampu ya oili, mara baada ya fundi kubadilisha cheni ya taimingi. Mfano utakaotumika ni injini ya petroli ya Toyota iitwayo 22R, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, ambayo ilianza kutiwa katika magari ya Hilux mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ujirani wa cheni na pampu

Kazi ya cheni ya taimingi ni kuunganisha krankishafti na kamishafti, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni. Cheni hiyo hukaa mbele ya injini, ndani ya kifuniko cha aluminiamu. Katika injini ya 22R, pampu ya oili imefungwa kwa boliti juu ya uso wa nje wa kifuniko hicho hicho, nayo huzungushwa moja kwa moja na krankishafti, si na cheni.

Basi fundi anayetaka kuifikia cheni hana budi kuondoa puli ya krankishafti na kifuniko, na mara nyingi pampu pia. Viungo vinne vilivyokuwa vimetulia kwa miaka mingi hufunguliwa kwa siku moja: oringi, yaani pete ya mpira iliyo kati ya pampu na kifuniko, sili ya oili inayoizunguka krankishafti, gasketi za kifuniko, na ukingo wa chini ambapo kifuniko hukutana na sampu. Kiungo chochote kati ya hivyo kikirudishwa vibaya, oili itapata njia.

Kwa nini oili hupita

Kanieneo ni kani inayogawanywa kwa eneo. Injini ikiwa na joto na ikienda kwa kasi ya barabarani, kanieneo ya oili huweza kufika kilopaskali 400. Chukulia kwamba tundu la kutolea oili penye pampu lina kipenyo cha milimita 20. Eneo lake ni sentimita za mraba 3.14, na kani inayojaribu kuitenga pampu na kifuniko ni:

400,000 × 0.000314 = nyutoni 126 hivi.

Kani hiyo ni sawa na uzito wa kitu cha kilogramu 13. Sasa ilinganishwe na kani ya boliti. Boliti moja yenye kipenyo cha milimita 8, ikikazwa kwa momenti ya nyutoni-mita 19, hubana kwa kani ya nyutoni zipatazo 12,000. Yaani boliti moja tu inaishinda oili karibu mara mia moja.

Hesabu hii inafundisha jambo kubwa. Pampu haivuji kwa sababu boliti zimekosa nguvu, ila kwa sababu kizibo kimeharibika au nyuso hazikukutana sawasawa. Fundi anayeongeza kukaza kila aonapo tone haondoi chanzo. Aghalabu hung'oa hesi za aluminiamu na kuongeza hasara.

Ukubwa wa ufa nao una athari ya ajabu. Kioevu kinapopita katika ufa mwembamba, kiasi kinachopita hulingana na kipeo cha tatu cha upana wa ufa. Kipande cha gasketi kuukuu kikiachwa juu ya uso wa kifuniko, na ufa ukaongezeka upana mara 2, uvujaji huongezeka mara 8.

Aidha, mnato wa oili hupungua kwa joto. Oili ya daraja la SAE 30 hupoteza mnato takriban mara 9 inapopashwa kutoka nyuzi 40 hadi nyuzi 100 za Sentigredi. Ndiyo sababu injini iliyoonekana kavu asubuhi gerejini huanza kuvuja baada ya kilometa chache za safari.

Kutafuta chanzo

Oili hufuata mvutano wa dunia kwenda chini, na upepo wa feni huipeperusha nyuma. Kwa hiyo mahali palipolowa zaidi sipo lazima oili inapotokea. Kanuni ni kutafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa.

Injini ikiwa imepoa, sehemu ya mbele isafishwe kwa mafuta ya taa na kufutwa mpaka ikauke kabisa. Kisha poda nyeupe ipakwe juu ya viungo vyote vinne. Injini iwashwe mpaka ipate joto, izimwe, na poda ichunguzwe. Alama ya kwanza ya unyevu ndiyo itakayoonyesha mlango wa oili. Mikono na nguo ziwekwe mbali na feni na mikanda wakati injini inazunguka.

Kutengeneza

Ikiwa unyevu unaanzia ukingoni mwa pampu, oringi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mpira uliokaa miaka mingi katika oili ya moto hugeuka mgumu na kushika umbo la mahali pake pa zamani. Ukirudishwa haubonyei tena kuziba nafasi mpya. Pampu ifunguliwe, mfereji wa oringi usafishwe, na oringi mpya ipakwe oili kabla ya kutiwa, isije ikabanwa au kutoka mferejini. Nyuso za aluminiamu zisikwanguliwe kwa kisu, kwani mkwaruzo ni ufa. Boliti ya juu ya pampu ipakwe gundi ya kuzibia kwenye hesi zake, maana oili huweza kuzifuata hesi hizo hadi nje.

Ikiwa unyevu unaanzia nyuma ya puli, itazamwe sili. Mdomo wa sili wenye springi lazima uelekee ndani, upande wa oili. Shingo ya puli ichunguzwe pia: ikiwa sili ya zamani imechimba mfereji juu yake, sili mpya itavuja vilevile mpaka shingo hiyo itengenezwe au puli ibadilishwe.

Boliti zirudishwe kwa zamu za kukabiliana, kidogo kidogo, na zimalizwe kwa spana ya kupimia mkazo. Kama pampu ilifunguliwa ndani, gia zake zipakwe vaselini ili iweze kuvuta oili tangu mizunguko ya kwanza. Kabla ya kuwasha, injini izungushwe kwa stata bila moto wa plagi mpaka taa ya oili izimike.

Hasara ya tone moja

Chukulia kwamba tone lina ujazo wa mililita 0.03, na kwamba tone moja huanguka kila sekunde. Kwa saa moja zitapotea mililita 108. Katika safari ya saa 12, kama ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, zitapotea lita 1.3. Injini ya ukubwa huu huchukua lita 4 hivi. Dereva ambaye hakukagua kijiti cha kupimia oili atazikabili kona na milima ya mwisho wa safari huku pampu ikianza kuvuta hewa badala ya oili. Oringi ni kitu cha bei ndogo sana. Krankishafti si hivyo.

Maswali

1. Tundu la pampu lina kipenyo cha milimita 30, na kanieneo ni kilopaskali 300. Tafuta kani inayoitenga pampu na kifuniko.

2. Ufa umeongezeka upana mara 3, na mnato wa oili umepungua mara 2. Ikiwa kanieneo haikubadilika, uvujaji umeongezeka mara ngapi?

3. Eleza kwa nini boliti za kifuniko hukazwa kwa zamu za kukabiliana, na si kwa kufuata mzunguko.