Nyumba Yenye Mgonjwa wa Siliaki: Mwongozo wa Jikoni

Daktari akishathibitisha kwamba mmoja wenu ana ugonjwa wa siliaki, tiba ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ikiingia tumboni mwa mgonjwa huyu, kinga ya mwili hugeuka na kuharibu vinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula. Ndiyo maana anakula na bado anakonda, anaharisha, au damu haipandi hata akimeza vidonge vya kuongeza damu kila siku. Mtoto hudumaa.

Anayeshuku tu, asiache ngano kabla ya kupimwa. Akiiacha mapema, vipimo vya damu na vya utumbo vinaweza kuonyesha hana ugonjwa kumbe anao. Wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa nao wapimwe, maana siliaki hufuata ukoo.

Kwetu mgonjwa huletewa mkate na chai apate nguvu. Kwa huyu, mkate ndio unaommaliza. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliliona hilo wakati wa njaa ya mwaka 1944–45: mkate ulipoadimika watoto wenye siliaki walipata nafuu, uliporudi wakazidiwa.

Habari njema ni kwamba chakula chetu kingi hakina gluteni. Ugali wa mahindi, muhogo au mtama, uji wa ulezi, wali, ndizi, magimbi, maharage, samaki, mchicha: ale ashibe. Chapati, maandazi, tambi na biskuti kila mtu anajua ni za ngano. Shida iko kwenye vilivyojificha. Urojo huweza kufanywa mzito kwa unga wa ngano. Bokoboko ni ngano yenyewe. Bajia za dengu na vitumbua vya mchele wakati mwingine huongezwa ngano kidogo ili vishikane, kwa hiyo muulizeni muuzaji. Unga wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano. Sosi ya soya nyingi ina ngano, na bia nyingi hutengenezwa kwa kimea cha shayiri.

Halafu kuna mashine ya kusaga. Mahindi yenu yakimiminwa mara tu baada ya ngano ya jirani, unga unatoka umeshachanganyika. Tafuteni mashine isiyosaga ngano kabisa. Nyumbani, mafuta yaliyokaanga maandazi yasimkaangie chipsi. Mgonjwa awe na mwiko wake na chujio lake, na siku ya kusukuma chapati chakula chake kifunikwe, kwani unga hupeperuka. Bibi atasema, “Onja tu mjukuu wangu, kidogo hakidhuru.” Kinadhuru, hata kama tumbo halikuuma.

Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, ila utumbo huchukua miezi, na kwa watu wazima hata miaka, kupona. Mwanzoni maziwa yanaweza kumsumbua. Ayapunguze kwa muda.

Kwenye shughuli, apakuliwe pilau kutoka sufuriani kabla sinia halijapangwa sambusa. Mkatoliki azungumze na padri mapema: hostia ni ya ngano, lakini anaruhusiwa kupokea divai peke yake, kutoka kikombe ambacho hakikutiwa kipande cha hostia.