Gundi Itoke, Rangi Ibaki: Mafunzo Niliyopata Kwenye Bodi za Magari

Kazi yangu ni kusafisha na kung'arisha magari. Yanayoniumiza zaidi ni yale yanayoletwa baada ya mtu kuhangaika na gundi kwa haraka. Gundi yenyewe huwa imeshatoka, lakini imeacha mikwaruzo ya wembe au doa lililofubaa la tina, na maji yakishamwagika hayazoleki. Naandika haya kwa ajili ya mwenye gari ambaye bado hajashika kitambaa.

1. Rangi ni nyembamba kuliko unavyodhani

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia ya juu, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150 tu. Klia peke yake, ile inayobeba mng'ao na kuikinga rangi na jua, huwa mikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Tone la gundi lililokauka huwa nene mara nyingi zaidi ya hapo. Ndiyo maana wembe, waya wa kusugulia sufuria na msasa mkavu sivikaribishi kabisa. Cha kukwangulia ni kadi ya plastiki au ukucha, basi.

2. Jua ni gundi gani kabla ya kutafuta dawa

Gundi nyeupe ya mbao ni rahisi. Ikiwa mbichi, mwagia maji mengi. Ikiwa imekauka, funika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu hadi ilainike.

Gundi ya njano ya mafundi viatu na makochi ni kisa kingine. Mtu anapakia sofa pale Keko, Dar es Salaam, kopo linapinduka juu ya boneti, na jambo la kwanza analofanya ni kupangusa. Hapo tone dogo linakuwa mfereji. Ikusanye kwa ncha ya kadi kutoka pembeni kuja katikati, kisha masalia yalainishe kwa mafuta ya taa. Hayafanyi kazi haraka, lakini ni mapole kwa rangi iliyokomaa. Gundi ikishalainika unaisukuma kwa kidole na inajiviringisha yenyewe.

Supagluu inataka tahadhari ya pekee. Ikiwa bado mbichi, usiipanguse kwa pamba wala kitambaa cha pamba, kwa sababu vikikutana hutoa joto kali linaloweza kukuunguza vidole. Iache ikauke. Ikishakauka, kinachoiyeyusha ni asetoni, ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kutolea rangi ya kucha. Soma chupa kwanza, maana nyingine hazina asetoni na hazitakusaidia.

3. Kabla ya asetoni, uliza gari limepigwa rangi wapi

Somo hili nalithamini kuliko yote. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la takriban nyuzi 140, hivyo hukomaa na kuvumilia asetoni kwa sekunde chache. Rangi ya gereji mara nyingi hukaushwa kwa joto dogo, au kwa upepo tu, na baadhi yake hulainika mara inapoguswa na tina au asetoni. Barabarani kwetu magari mengi yamewahi kunyooshwa bodi, na mwenye gari la mtumba huenda hata hajui.

Mzee mmoja aliniletea gari lenye matone ya supagluu mlangoni. Aliponiona nimechuchumaa chini ya mlango badala ya kuanza kazi, akaniambia, "Kijana, si upake tina tu itoke?" Nikamjibu, "Mzee wangu, naomba kwanza niiulize rangi." Nikagusa ukingo wa chini wa mlango uleule kwa kitambaa cheupe chenye asetoni kidogo. Kitambaa kikatoka chekundu. Milango mingine mitatu haikutoa rangi hata kidogo. Kwa hiyo jaribu kwenye paneli ileile yenye gundi, mahali pasipoonekana. Jaribio la upande mwingine wa gari halikuambii kitu. Mlango ule niliushughulikia kwa maji ya moto ya sabuni, kadi na subira, bila asetoni.

4. Dawa iguse gundi, isiguse rangi

Chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni, gusa tone lenyewe juu kwa juu, kwangua kidogo kilicholainika, futa, rudia. Pumzisha mahali hapo na upaoshe kwa maji ya sabuni kila baada ya muda mfupi. Fanya kivulini, kwenye bati lililopoa, kwa sababu bati lenye moto hukausha dawa kabla haijafanya kazi. Fanya pia penye hewa na mbali na moto wowote, sigara ikiwemo, maana mvuke wa asetoni hushika moto upesi sana. Petroli usiitumie, na mafuta ya breki yanayopendekezwa vijiweni ndiyo mabaya zaidi: hubandua rangi.

5. Taa si bati

Vioo vya taa za mbele vya magari ya sasa ni plastiki. Asetoni huvitia ukungu na nyufa ndogo zisizofutika. Kadhalika plastiki nyeusi za pembezoni hupauka. Tone likiwa karibu, funika sehemu hizo kwa nailoni na utepe wa karatasi wa mafundi rangi kabla ya kufungua chupa.

6. Kivuli kinachobaki kina dawa yake

Gundi ikitoka, mara nyingi huacha alama hafifu. Osha, kausha, kisha tumia kompaundi laini kwa mkono, mizunguko michache, na upake nta, kwa kuwa dawa imeondoa ile ya zamani. Alama isipotoka, mpelekee fundi rangi anayejua msasa wa maji namba 2000 au 3000. Gundi ya mirija miwili, yaani epoksi, ikishakomaa, nayo mpelekee yeye moja kwa moja. Hiyo asetoni haiiyeyushi, na kila dakika unayoisugua unaila klia inayoizunguka.