Kiti cha Magurudumu na Nyumba ya Kukipokea

Mwalimu wetu wa fizikia hutufundisha habari za mteremko kwa kuchora ubaoni kigari kinachopandishwa juu ya ubao, nasi wengi hunakili na kusahau. Muhula huu nimetakiwa niandike somo kwa ajili ya gazeti letu, nami nimeona heri nilitoe somo hilo daftarini na kulipeleka nyumbani kwetu Pangani, ambako lina kazi ya kweli.

Mjomba wangu alikuwa mkwezi wa minazi. Mwaka 2022 alianguka akavunjika uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haisogei, wala hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Nawaomba wasomaji walishike neno hili la hisia, maana watu wote humhurumia kwa sababu hatembei, na wachache hufikiri hatari ya kutosikia. Wewe usomaye hapo kitini umekwisha jisogeza mara kadhaa bila kujua. Asiyesikia hukaa vile vile. Mfupa hubana ngozi, damu haipiti, nyama hufa. Kidonda cha namna hiyo chaweza kuanza kwa saa chache, kikachukua miezi kupona, na kikiingia uchafu hadi kwenye damu, huua.

Alipotoka hospitali, watu wema walimpa kiti. Kilikuwa kipana mno kwake, cha kitambaa kisicho na mto, na magurudumu ya mbele madogo ya mpira mgumu. Hapana shaka kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji, na kwetu ni mchanga mtupu. Kila kilipotoka uani kilizama. Wiki ya tatu kidonda kikatokea, mjomba akalala kifudifudi miezi minne. Wema wa watu siukatai, lakini hata kanzu hupimwa kabla ya kushonwa, sembuse kitu atakachokikalia mtu mchana kutwa!

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti hivi mwaka 2008, likataja hatua nane, tangu mtu anapopelekwa kwa mtaalamu hata kiti chake kinapofanyiwa matengenezo. Na mwaka 2023 likatoa mwongozo mwingine. Hapa kwetu, chuo cha TATCOT kilichoko KCMC, Moshi, kinawafunza mafundi wa kazi hii. Fundi aliyempima mjomba alitumia tepu kama ya fundi cherehani. Kwanza alipima upana wa nyonga, nao ndio upana wa kiti. Ukizidi, mtu huegemea upande mmoja na mgongo hupinda. Kisha urefu wa paja, kutoka makalio hadi nyuma ya goti, akapunguza sentimita chache ili ukingo wa kiti usibane goti. Kisha mguu, kutoka nyuma ya goti hadi unyayo. Kikanyagio kikiwa juu mno magoti hupanda, na uzito wote hurudi makalioni, ndipo pale pale pa kidonda.

Katika kupima huko fundi alikuwa akimwuliza mkaza mjomba maswali yote: hulala saa ngapi, hupenda kwenda wapi. Mjomba akasema, "Fundi, niulize mimi. Anayekikalia ni mimi, si mke wangu." Fundi akamwomba radhi, wakaanza upya. Mjomba akasema kuwa anataka kufika gulioni kununua mbata. Neno hilo moja lilibadilisha kiti kizima. Akapewa chenye gurudumu moja la mbele, kubwa na lililo mbali, lisilozama upesi mchangani, na magurudumu ya nyuma yenye tairi za baiskeli ambazo dukani kwetu zapatikana. Mto wake ni wa sponji nzito, umechongwa bonde mahali pa mifupa ya makalio.

Sasa nyumba. Sakafu ya mjomba imeinuka sentimita 30 juu ya kiwanja. Majirani walikuwa wameweka mbao zenye urefu wa sentimita 120, yaani robo: kwa kila hatua moja ya kupanda, hatua nne za kwenda. Mjomba na kiti chake wana uzito wa kilo 80. Tukiacha msuguano, kumsukuma juu ya mbao zile kwataka nguvu ya kuinua kilo 20, ambazo ni debe zima la maji. Na kushuka ni hatari kuliko kupanda. Kipimo kinachokubaliwa na wengi ni moja kwa kumi na mbili. Sentimita 30 mara 12 ni 360. Kwenye njia ya urefu huo, nguvu inayotakiwa haifiki kilo 7, na mjomba hupanda peke yake kwa mikono ya mkwezi. Kwa kuwa uani palikuwa pafinyu, njia ilipindishwa kufuata ukuta, na penye pembe pakaachwa sakafu tambarare ya mita moja na nusu apate kugeuka. Mlango uliokuwa wa sentimita 70 ulipanuliwa hata 90, maana ni lazima vidole navyo vipite.

Kitanda kiliinuliwa kwa matofali kikawa sawa na kiti, na seremala akatoa ubao uliopigwa msasa vizuri, ambao mjomba huutumia kujitelezesha kutoka huku kwenda huku. Juu ya tundu la choo paliwekwa kiti chenye tundu. Kazi hizi ndogo ziliokoa mgongo wa mkaza mjomba, ambaye kabla ya hapo alikuwa akimnyanyua mumewe mara sita kwa siku. Nadhani wazazi watanielewa nikisema kwamba katika nyumba nyingi mgonjwa huwa mmoja wakafanywa wawili. Usiku alihitaji kugeuzwa kila saa mbili. Zamu hiyo tuligawana sisi wapwa na wanawe, wa kiume kwa wa kike. Mchana hujiinua mwenyewe kwa mikono kila nusu saa, na redio ndiyo saa yake.

Wenye jamaa wa namna hii wajue kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati hata ngazi ya kijiji na mtaa, na katika halmashauri yuko Afisa Ustawi wa Jamii. Yafaa kwenda na barua ya daktari na vile vipimo vimeandikwa, maana anayeomba kiti tu hupewa kiti chochote.

Chumvi ya bahari hula beringi na spoku, basi kila Ijumaa kiti huoshwa kwa maji baridi na kutiwa mafuta. Tyubu ya akiba imetundikwa nyuma ya mlango. Pampu ni yake, naye haiazimi kwa mtu.