Alama za Mfupa wa Mkono wa Juu: Majina Yake na Umuhimu Wake katika Tiba

1.0 Utangulizi
Mfupa wa mkono wa juu, yaani humerusi, huanzia begani na kuishia kwenye kisugudi. Mwanafunzi wa tiba hukariri kichwa chake, shingo zake, nundu zake na mfuo wake. Makala haya yanadai kwamba kila alama haina budi kufundishwa pamoja na kile kipitacho kando yake, na kwamba jina la Kiswahili laweza kumwongoza ama kumpotosha mhudumu.

2.0 Alama na Hatari Zake
2.1 Shingo mbili
Shingo ya kianatomia hukizunguka kichwa cha mfupa. Ya pili, iliyo chini ya nundu kubwa na nundu ndogo, huitwa shingo ya upasuaji. Tafsiri hii sisisi humfanya msomaji adhani kuwa hapo ndipo mpasuaji hukata. Sivyo: hapo ndipo mfupa huvunjika mara kwa mara, hasa kwa wazee waangukao. Twapendekeza "shingo ya mvunjiko". Neva ya kwapa huizunguka kwa nyuma. Ikijeruhiwa, msuli wa bega hulegea na ngozi iliyo juu yake hufa ganzi.

2.2 Mfuo wa mshazari
Nyuma ya mfupa, sehemu ya katikati, neva ya radiali hupita kwenye mfuo wa mshazari. Mfupa ukivunjika hapo, mgonjwa aweza kushindwa kuinua kiganja, kikabaki kinaning'inia.

2.3 Kisugudi
Nyuma ya nundu ipapasikayo upande wa ndani hupita neva ya ulna. Aliyewahi kujigonga hapo anaijua ganzi irukayo hadi kidole cha mwisho.

Juu kidogo ya kisugudi mfupa ni mwembamba. Mtoto aangukaye kutoka mwembeni, akajikinga kwa mkono ulionyooka, mara nyingi huvunjika hapo. Mbele yake hupita ateri kuu ya mkono na neva ya kati. Kwa hiyo, kabla na baada ya kufunga banzi, sharti mapigo ya damu yapapaswe kwenye kifundo cha mkono, na vidole vikaguliwe kama vina joto na vinasogea. Bandeji iliyokazwa mno yaweza kuzuia damu, misuli ya kigasha ikafa na vidole vikabaki vimekunjamana. Kilema hicho kilielezwa na Richard von Volkmann mwaka 1881.

3.0 Suala la Istilahi
Wasemaji wengine huita kisugudi "kiwiko". Wengine kwa neno hilohilo humaanisha kifundo cha mkono. Muuguzi akiambiwa apapase mapigo "kwenye kiwiko", aweza kuyatafuta juu ya mvunjiko, ayapate, aridhike, ilhali kiganja hakipati damu.

4.0 Hitimisho
Istilahi ya tiba haipimwi kwa ufupi wake wala kwa kufanana na ya kigeni. Kipimo chake ni kama watu wawili wakiisikia wataweka vidole vyao mahali pamoja.